Nimefuta TikTok mara tatu na kila mara narudi. Je, huu ni uraibu?

Swali la msomaji: "Niko mwaka wa pili chuoni. Kila siku najiambia nitaangalia simu dakika tano kisha nisome, nashtuka saa nzima imekwisha. Usiku ndiyo balaa: naingia kitandani saa nne, usingizi unanichukua saa nane. Nimeshafuta TikTok na Instagram mara tatu, siku ya nne au ya tano nazirudisha. WhatsApp siwezi kuitoa kwa sababu matangazo ya darasa na kazi za vikundi viko humo. Matokeo ya muhula uliopita yameshuka. Je, mimi ni mraibu? Na nifanyeje, maana nia ninayo ila haidumu?"

Jibu

Uraibu wa mitandao ya kijamii haumo kama ugonjwa unaojitegemea katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Toleo la 11 la orodha hiyo, lililoanza kutumika Januari 2022, linataja kamari na michezo ya video, basi. Kwa hiyo hakuna daktari atakayehesabu saa zako za mtandaoni akakuandikia cheti cha uraibu. Saa peke yake hazisemi mengi. Mwenzako anaweza kukaa saa tano akiuza bidhaa zake humo, akalala vizuri na kufaulu. Mwingine ana saa mbili tu, lakini zote kazikata kwenye usingizi.

Watafiti wengi hutumia kipimo cha Bergen, kilichoundwa na Cecilie Schou Andreassen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei. Mwaka 2012 kilianza kwa ajili ya Facebook peke yake, baadaye kikapanuliwa. Kina maswali sita kuhusu mwaka uliopita: ni mara ngapi umekuwa ukiwaza mitandao au kupanga kuingia, ni mara ngapi umesikia hamu ya kuitumia zaidi na zaidi, umeitumia ili usahau matatizo yako, umejaribu kupunguza ukashindwa, umekosa utulivu uliponyimwa, na umeitumia hadi ikaharibu masomo au kazi. Kila swali unajipa 1 (mara chache sana) hadi 5 (mara nyingi sana). Mstari wa hatari bado una mjadala: wapo waliouweka kwenye jumla ya 24 kati ya 30, wapo waliotumia 19. Waliokiunda walipendekeza pia uangalie kama umepata 3 au zaidi katika maswali yasiyopungua manne. Jaza kwa kalamu, jumlisha, andika tarehe. Utakijaza tena baada ya miezi miwili.

Kwa ulivyoeleza, swali la nne na la sita kwako halina ubishi. Hata hivyo sikushauri ujipachike jina la mraibu. Anayejiita hivyo kwa kawaida hupanga kuiacha simu moja kwa moja, na wewe huwezi: darasa liko humo. Kazi uliyonayo ni kutenganisha matumizi mawili yanayoishi kwenye kifaa kimoja, yale ya lazima na yale ya kupotelea, ukianza na zile saa ambazo haya ya pili hukushinda kila siku.

Kwa nini kufuta hakudumu

Unapofuta programu unaondoa picha ndogo kwenye skrini. Vilivyokuwa vikikuvuta vinabaki vyote: kitanda, aya ngumu, upweke wa jioni, na mkono uliozoea kuingia mfukoni.

Mkono huo umefunzwa. Tangu majaribio ya B. F. Skinner katika karne iliyopita, inajulikana kwamba njiwa anayepata punje baada ya idadi ya midonoo asiyoweza kuitabiri hudonoa kwa bidii, na huchukua muda mrefu kuacha hata punje zikikoma kabisa. Ukurasa wa video fupi unafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Video sita hazina maana, ya saba inakuchekesha, tisa zinazofuata hazina maana tena, ya kumi inamhusu mtu kama wewe. Kama zote zingekuwa nzuri ungeshiba. Kama zote zingekuwa mbaya ungeondoka. Ni ule mchanganyiko unaokubakiza.

Halafu hakuna mahali pa kusimama. Zamani ulifika mwisho wa ukurasa ukabonyeza kwenda wa pili, na katika sekunde ile ulipata nafasi ya kujiuliza kama uendelee. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, jambo ambalo baadaye alilijutia hadharani. Sekunde ile ya kujiuliza haipo tena. Ndiyo maana "dakika tano" zako huwa saa: si kwamba umeamua kuongeza muda, ni kwamba hakuna kilichokuuliza.

Siku ya nne nayo ina maelezo. Siku mbili tatu za mwanzo hubebwa na hasira uliyokuwa nayo wakati wa kufuta. Hasira ikipoa, na kazi ngumu ikatua mezani, unakuta ulichokiondoa hakikuachiwa mbadala. Ukirudisha programu, akaunti yako iko palepale na kumbukumbu zake zote, kwa hiyo inakupa hasa unachokipenda tangu video ya kwanza. Kisha unajiambia, "nimeshashindwa," na siku nzima inakwenda na maji. Mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyechunguza watu wanaorudia pombe, alionyesha kuwa mara nyingi kinachoangusha si lile kosa la kwanza bali tafsiri mtu anayolipa. Nusu saa iliyoponyoka ni nusu saa. Ukiigeuza ushahidi kwamba huna nia, itakugharimu wiki.

Wiki ya kwanza: andika tu

Usibadilishe chochote kwa siku saba. Najua huu ndio ushauri ambao watu huuruka, na ndio unaoamua mengine yote. Makadirio ya mtu kuhusu muda wake wa simu huwa mbali na rekodi ya simu yenyewe, kwa hiyo usitegemee kichwa. Simu za Android zina sehemu iitwayo Nidhamu Dijitali kwenye mipangilio, na iPhone zina sehemu yake ya muda wa skrini. Kila usiku chukua namba tatu: muda wa kila programu, mara ulizofungua simu, na muda uliotumia baada ya kuingia kitandani.

Pamoja na hizo, weka daftari dogo. Kila ukishtuka umeshaingia mtandaoni bila kukusudia, andika mstari mmoja wenye vitu vinne: saa, mahali, kilichotangulia, na simu ilikupa nini. Mfano wa mstari unaofaa: "Saa 3:40 usiku, mezani, swali la pili la takwimu silielewi, TikTok dakika 52, nafuu ya kutofikiria swali." Mstari usiofaa: "Usiku, TikTok, uzembe." Wa kwanza unakuambia tatizo ni swali la pili la takwimu. Wa pili unakutukana tu.

Baada ya wiki mistari itajipanga yenyewe, na kwa kawaida vichocheo viwili au vitatu hubeba sehemu kubwa. Kila kimoja kina tiba yake, na hapo ndipo ushauri wa jumla unapowaangusha watu. Kama kinachotangulia ni kazi usiyoielewa, dawa ni kuikata vipande au kumtafuta anayeielewa; kuzuia programu kutakuhamishia tu kwenye YouTube. Kama ni upweke, dawa ina sura ya mtu: simu ya kupiga, mlo wa pamoja, kundi la kusoma. Kama ni uchovu, mwili unaomba usingizi na unaupa video. Kama ni foleni au dakika kumi kabla ya kipindi, hiyo haina madhara makubwa, iache kwanza.

Hata kuandika kwenyewe kuna faida. Mwaka 2018 Melissa Hunt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwagawa wanafunzi 143: kundi moja liliwekewa kikomo cha dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao kati ya Facebook, Instagram na Snapchat, jingine liliendelea kama kawaida, kwa wiki tatu. Waliopunguza walipungukiwa upweke na dalili za sonona, hasa waliokuwa na dalili nyingi mwanzoni. Lakini wasiwasi na hofu ya kupitwa na yanayoendelea mtandaoni vilishuka katika makundi yote mawili, na maelezo ya watafiti ni kwamba kule kufuatilia tu matumizi yako kunasaidia.

Wiki ya pili: kitanda

Ningeanza na kitanda kabla ya meza ya kusomea. Anayepata usingizi wa saa nne tu kwa usiku huamka hana nguvu ya kukataa chochote, na mpango wowote wa masomo utakaompa utavunjika saa nane mchana. Pia kitanda ni kichocheo kimoja, saa ileile, mahali palepale. Ni rahisi kukibadilisha kuliko siku nzima.

Simu ichajiwe mahali ambapo huwezi kuifikia bila kusimama na kupiga hatua kadhaa. Ukiwa chumba cha kushirikiana, iweke ndani ya begi lililofungwa zipu upande wa mlango, waya ukiingia begini. Kama simu ndiyo inayokuamsha, ongeza sauti na uiache hukohuko, au pata saa ya kuamshia, ile ya kawaida isiyo na intaneti. Usiweke simu chini ya mto "kwa ajili ya dharura": ruhusu namba mbili tatu za familia zipenye hali ya Usinisumbue, nyingine zisubiri.

Sasa makosa mawili yanayoua hatua hii. La kwanza ni kuingia kitandani mapema mno. Mwili uliozoea kulala saa nane hautalala saa nne kwa sababu umeamua. Utakaa macho saa nne nzima ukiitamani simu. Shika saa moja ya kuamka, tuseme saa 12:30 asubuhi, kila siku hadi Jumapili. Anza kwa kuingia kitandani saa 6:30 usiku, kisha kila baada ya siku mbili tatu sogeza nyuma kwa dakika 15 mpaka upate usingizi wa saa saba au nane. Ukikaa kama dakika 20 bila usingizi, ondoka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu, soma kitu cha karatasi kinachochosha, urudi macho yakiwa mazito. Ni mbinu ya zamani ya tiba ya kukosa usingizi, iliyoanzishwa na Richard Bootzin mwaka 1972, na lengo lake ni mwili ujifunze upya kwamba kitanda ni cha kulala.

Kosa la pili ni la kiufundi na wengi hawalijui. Kikomo cha muda unachoweka kwenye programu huanza upya saa sita usiku. Ukijiwekea dakika 60 za TikTok kwa siku na bado uko macho saa 6:01 usiku, simu inakukabidhi dakika 60 mpya ukiwa umelala chali. Kwa hiyo kikomo cha muda lazima kiende pamoja na ratiba ya kufunga programu, kwa mfano kuanzia saa 4:30 usiku hadi saa 1:00 asubuhi.

Mwanga wa bluu wa skrini, kwa maoni yangu, unalaumiwa kupita kiasi. Miwani na rangi ya machungwa kwenye skrini havitakusaidia ukiwa bado unatazama video mia moja. Kinachokula usingizi ni muda wenyewe na akili iliyochangamshwa.

WhatsApp ya darasa

Hapa huhitaji kujitoa. Bandika kikundi cha darasa na vya kazi juu ya orodha, uvipe mlio wao wa arifa. Vikundi vingine vyote vinyamazishe na uvihifadhi pembeni. Kikundi kilichonyamazishwa bado kitakuarifu mtu akikutaja kwa jina au akijibu ujumbe wako, kwa hiyo mwombe mwakilishi wa darasa akutaje panapokuwa na jambo la haraka. Status za watu wote usiowahitaji zinyamazishe; hiyo ndiyo njia ya uchochoroni inayokupeleka kutoka tangazo la mhadhara hadi harusi ya mtu usiyemjua. Zima upakuaji wa video wa moja kwa moja.

Usizime arifa zote. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 na Nicholas Fitz na wenzake liligundua kuwa watu waliopokea arifa kwa mafungu, mara tatu kwa siku, walijiona makini zaidi na wenye msongo mdogo, ilhali waliozimiwa zote walipata wasiwasi na hofu ya kupitwa zaidi. Weka nyakati tatu za kusoma ujumbe: baada ya kipindi cha kwanza, mchana, na jioni kabla ya kusoma. Matangazo ya chuo yanaweza kusubiri saa nne. Kama moja kwa muhula haliwezi, mwenzako atakupigia.

Mezani

Simu iende chumba kingine au kwa mtu mwingine. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake waliripoti kwamba simu iliyo mezani, hata ikiwa kimya, hupunguza uwezo wa kufikiri ukilinganisha na iliyo chumba kingine. Tafiti za kurudia jambo hilo zimetoa majibu mchanganyiko, lakini gharama ya kutembea hadi chumba cha pili ni sifuri, kwa hiyo sioni sababu ya kusubiri wamalize kubishana.

Kabla ya kukaa, andika kwenye karatasi hatua ya kwanza iliyo ndogo kiasi cha kuchekesha: "fungua ukurasa wa 42, nakili fomula." Soma dakika 30, pumzika 7. Mapumziko yawe ya mwili: maji, kutembea, dirisha. Mapumziko ya simu hayana mwisho, tumeshaona kwa nini. Weka karatasi ya pili pembeni kwa kila kitu kinachokujia kichwani ukitaka kukitafuta mtandaoni. Ukikiandika, akili inakiachia.

Kama simu ndiyo kitabu chako, na wengi ndivyo ilivyo, pakua faili zote kwanza, zima data, washa hali ya ndege, ndipo ukae. Ondoka pia kwenye akaunti zako ndani ya kivinjari. Wengi hufuta programu na kusahau kwamba Instagram inafunguka vizuri tu kwenye Chrome.

Sasa ndipo kupunguza kufuate

Usingizi ukishatulia, kwa kawaida wiki ya tatu, punguza muda wenyewe. Usitoke saa tano hadi nusu saa kwa siku moja. Kata kama robo kila wiki: saa tano, halafu 3:45, halafu 2:50, halafu karibu saa mbili, na usimame pale ambapo masomo na usingizi havilalamiki. Muda uliobaki upangie madirisha mawili, mfano saa saba mchana na saa mbili usiku, na ndani ya dirisha tazama bila hatia. Kama simu yako inaruhusu namba ya siri ya kikomo, aiweke mwenzako. Ukiiweka mwenyewe ni mapambo. TikTok ina chaguo la kuanza upya ukurasa wa mapendekezo, litumie siku unayoanza ili ukurasa usikujue sana. Kugeuza skrini kuwa nyeusi na nyeupe nako kunasaidia: katika utafiti wa Alex Holte na Richard Ferraro wa mwaka 2020, wanafunzi wa chuo walipunguza wastani wa kama dakika 38 kwa siku.

Tegemea siku za mwanzo kuwa mbaya. Utahisi simu ikitetema wakati haijatetema, utakosa utulivu, utaona kila kitu kinachosha. Hamu hupanda, hufika kilele, hushuka, mara nyingi ndani ya dakika 20 hadi 30, hata usipoitii. Tayarisha sentensi moja ya "ikiwa": "Nikiinua simu nikiwa mezani, nitaiweka kifudifudi na kunakili sentensi moja ya kitabu." Iwe na kitendo cha mkono. "Nitajizuia" si kitendo.

Sahau ile kauli kwamba tabia hujengwa kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa London, walipofuatilia watu wakijenga tabia mpya, walipata kati ya siku 18 na 254, wastani ukiwa 66. Kwa hiyo ukiteleza siku ya 15, andika mstari wako kwenye daftari, funga ratiba iliyofunguka, endelea usiku huohuo. Usisubiri Jumatatu.

Jambo la mwisho ni la uzito tofauti. Sonona na wasiwasi humsukuma mtu kwenye simu kama simu inavyoweza kuvizidisha. Ukiona kwa wiki mbili mfululizo huna raha na mambo uliyoyapenda, unajiona huna thamani, chakula au usingizi vimevurugika hata siku simu ilipokuwa mbali, hapo simu ni dalili. Nenda kwa mshauri wa chuo au kituo cha afya. Mawazo ya kujidhuru hayangoji wiki mbili: mwambie mtu na utafute huduma siku hiyohiyo. Nenda na lile daftari na zile namba tatu za kila usiku, umwonyeshe kwanza mistari ya usiku, kisha umweleze kilichotokea nyumbani, chuoni au kwenye mahusiano wiki ambayo namba zilianza kupanda.